Lita Isiyochomwa

Mabibi na mabwana, swali letu ni kama teknolojia ya kidijitali inapunguza kweli hewa ukaa. Tuanze na lori, maana humu ndani wenye malori ni wengi kuliko wenye kompyuta.

Kampuni yenye malori 50 njia ya Mombasa–Nairobi imefunga vifaa vya kufuatilia magari. Ramani inawaka kwenye skrini, meneja anachekelea. Hewa ukaa imepungua? Hata chembe. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, uwe na programu au usiwe nayo. Tunachotafuta ni lita isiyochomwa.

Iko wapi? Injini ya lori zito ikiachwa inanguruma gari limesimama hula kama lita 3 kwa saa. Foleni ya mizani, geti la bandari, dereva kajipumzisha kwenye kebini na injini haijazimwa: saa 2 kwa siku hazikosekani. Zidisheni basi. Malori 50, saa 2, lita 3, siku 300: lita 90,000, yaani zaidi ya tani 240 za hewa ukaa bila gari kusogea hata hatua. Kifaa kitawaonyesha saa hizo. Kama hakuna aliyepewa kazi ya kumpigia dereva simu, mmenunua picha.

Na takwimu zenyewe msizimeze tu. Lori likiegeshwa mlimani mafuta huegemea upande mmoja wa tangi, sensa, yaani kifaa cha kupima mafuta ndani ya tangi, inaweza kusoma pungufu, na dereva anaitwa mwizi. Kabla ya kuitumia, egesheni gari mahali tambarare, toeni mafuta yote, kisha jazeni lita 20, 20, kila mara mkiandika sensa imesoma ngapi, hadi tangi lijae. Ni kazi ya kuchosha, ndiyo maana wengi huiruka.

Seva, kompyuta inayohifadhi takwimu hizo, nayo inakula umeme. Inayovuta wati 500 usiku na mchana humaliza uniti 4,380 kwa mwaka, kiyoyozi hujakihesabu. Kwa umeme wa gridi ya Kenya, ambao sehemu kubwa ni wa jotoardhi, maji na upepo, mzigo si mkubwa. Kwenye jenereta, kila uniti ni karibu theluthi ya lita ya dizeli. Hapo ndipo pa kutazama.

Mtego mkubwa uko kwenye jumla. Mwaka 2016 Google ilitangaza kwamba akili unde imepunguza kwa 40% nishati ya kupoza kituo cha data, yaani jengo la seva zake. Lakini hewa ukaa yake ya 2023, kwa ripoti yake yenyewe, ilizidi ya 2019 kwa 48%. Umeme wa vituo vya data ulikuwa sababu mojawapo kubwa. Kwenye malori ni yale yale: safari ikiwa rahisi, safari zinaongezeka. Kwa hiyo bodi ipelekewe namba mbili, lita kwa kila tani iliyosafirishwa kilomita moja, na jumla ya lita za mwaka. Ya kwanza ikishuka huku ya pili inapanda, biashara imenona, hewa haijapata kitu.

Na hiyo jumla ichukueni kwenye risiti za kituo cha mafuta, siyo kwenye skrini.