Nguva na kuvumwani, nani anayategemea maji zaidi?

Najua wengine mmecheka mlipoona mada, nguva na kuvumwani wanakutana wapi, mmoja mnyama wa kilo 400 hivi anakula nyasi bahari huko Rufiji na Mafia, mwingine ni ule ujani laini wa kwenye kuta zenye unyevu. Mi nimechagua aina moja tu, Bryum argenteum, ule wenye rangi ya fedha, maana upo karibu dunia nzima, kuanzia nyufa za zege mjini mpaka Antaktika.

Nikiuliza nani hapo anayategemea maji zaidi mtasema nguva, si ndio? Sawa, ila nguva ana mapafu, kila baada ya dakika chache lazima aibuke avute hewa, ananyonyesha, na ndugu zake waliobaki nchi kavu ni tembo na pimbi, yaani mababu zake walikuwa na miguu minne kabisa afu wakaingia baharini. Kuvumwani ndo kinyume, ukoo wake ulitoka majini ukapanda nchi kavu lakini mambo ya ndoa haujayahamisha mpaka leo, mbegu za kiume zina mikia na zinaogelea, pasipo maji ya mvua au umande hazilifikii yai. Mmea uko juu ya ukuta, harusi inafanyika majini! Hapo huwa nacheka mwenyewe.

Ukame ukija? Unakauka mpaka unasema umekufa, mvua ikinyesha kidogo tu unarudi kijani. Hata kipande kikikatika kikadondoka pengine kinaota.

Nguva hana hiyo bahati jamani. Anaweza kuishi miaka 70, sawa, lakini jike anabeba mimba zaidi ya mwaka, anazaa mtoto mmoja, afu inapita miaka 3 mpaka 7 ndo azae tena, sasa jike mmoja akinaswa piga hesabu mwenyewe. Ndo maana mi na jarife, ule wavu mkubwa wa kuvulia, hatuelewani, linategwa linaachwa majini usiku kucha, nguva akinasa hawezi kupanda juu, anakufa kwa kukosa hewa humo humo baharini. Mwaka 2022 IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, wakawaweka nguva wa Afrika Mashariki kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, na Kenya siku hizi kumwona ni nadra sana.

Haya maswali, naona mkono kule nyuma.