Vitafunio vya Wiki Nzima Bila Oveni: Kashata za Tende, Viazi Vitamu, Pankeki za Wimbi na Mayai Pasua

Hamjambo wapendwa, karibuni jikoni. Leo ni Jumapili alasiri. Jiko ni hili la gesi, mtungi wa kilo sita, na nina sufuria mbili na karai moja. Oveni sina, wala hatutaihitaji. Tunatengeneza vitafunio vya kuwafungia watoto kwenye mikebe ya shule kuanzia kesho, na sisi wakubwa tupate cha kutia mkobani tusije tukaishia kwenye kioski cha kona saa kumi jioni.

Kabla hatujawasha moto, shika jambo moja. Kitafunio kizuri ni kile kinachoshika tumbo. Mtoto akila mapumziko ya saa nne, kimfikishe chakula cha mchana bila kulialia njaa. Biskuti na krispi hazina nguvu hiyo. Kinachoshika ni protini, mafuta mazuri na nyuzinyuzi, na vyote hivyo vinapatikana kwa mama mboga na kwenye duka la nafaka. Cha kuteremshia kiwe maji. Soda ya mililita 300 huwa na sukari inayokaribia vijiko vinane vya chai, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima, akiweza, abakie kwenye gramu 25 hivi kwa siku, yaani vijiko sita. Mtoto apungukiwe zaidi ya hapo.

Tunaanza na kashata za tende kwa sababu karanga zinataka muda na macho.

Nimenunua robo gorogoro ya karanga mbichi. Tutatumia vikombe viwili. Zimwage kwenye sinia, kaa karibu na dirisha, uzichambue. Sitaki uruke hatua hii hata kama una haraka. Tusogee karibu hapa. Unaiona hii? Ngozi imekunjamana, rangi imefifia, na nikiipasua katikati, tazama, kuna vumbi la kijani lililochanganyika na manjano. Huo ni ukungu. Na hii nyingine haina vumbi, lakini imesinyaa na ukiionja ni chungu. Zote mbili tupa. Usimwagie hata kuku, maana nao hudhurika.

Ukungu huo ndio unaotoa sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kukaanga. Karanga mbovu ikishaiva inanukia vizuri kama wenzake, na sumu iko mle mle. Mwaka 2004 sumu hiyo hiyo, kupitia mahindi, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na Makueni na Kitui ndiko kulikoumia zaidi. Kwa hiyo ukienda sokoni usione haya kumwomba muuzaji akuonyeshe za katikati ya gunia. Zikinuka uvundo, mshukuru uende kwa mwingine. Na ukishanunua, usiziache kwenye mfuko wa plastiki chini ya sinki. Zinataka pakavu penye hewa, na ni bora ununue kidogo kidogo.

Haya, weka sufuria kavu kwenye moto mdogo, mimina karanga, na usiache mwiko. Ni kama dakika 12 hadi 15. Usiangalie saa sana, sikiliza. Zikianza kualika, chukua moja, iache ipoe kidogo, uitafune. Ukiona imebaki kidogo tu iive, hapo ndipo pa kuepua, kwa sababu joto lililo ndani litaimalizia. Ukingoja ziive kabisa motoni, zitakuungulia kwenye sinia.

Mwaga kwenye ungo, sugua kwa viganja mpaka maganda yatoke, kisha pepeta. Sisi wa ghorofani tunapepetea kwenye roshani, lakini chungulia kwanza kama jirani wa chini ameanika nguo.

Sufuria ikiwa bado ya moto, tia nusu kikombe cha simsim. Hii ni ya dakika tatu tu. Zikianza kurukaruka, toa haraka.

Sasa tende, kikombe kimoja kilichojaa, kokwa zimeshatolewa. Zile laini zinazouzwa kwa kilo kule Eastleigh, hapa Nairobi, ndizo ninazopenda, hazihitaji kubembelezwa. Kama zako ni ngumu, ziloweke kwenye maji ya moto dakika 10, kisha zikamue vizuri. Maji yakibaki, kashata hazitashikana.

Twanga karanga kwenye kinu mpaka ziwe chengachenga. Mwenye blenda aitumie, ila abonyeze na kuachia, abonyeze na kuachia, zisije zikageuka siagi. Ongeza tende, nusu kijiko cha chai cha iliki ya kusaga, na chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Twanga tena. Utaona mchanganyiko unaanza kujikusanya na kuacha kinu. Paka viganja maji kidogo, chota, viringisha kiasi cha ndimu ndogo, kisha bingirisha kwenye simsim. Unapata kama 20. Zikae kwenye mkebe wenye kifuniko ndani ya friji, wiki nzima bila shida.

Hatukutia sukari hata chembe, lakini tende ni tamu na zinanata kwenye meno. Mbili kwa mtoto zinatosha, na jioni apige mswaki vizuri. Mwenye ugonjwa wa sukari pale nyumbani, moja, na aihesabu kwenye chakula chake cha siku.

Naomba unisikilize kwa makini hapa. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, zinaweza kumkaba. Wa umri huo sagia karanga zilainike kabisa, umbonyezee kashata iwe bapa na nyembamba, na akae chini anapokula, asikimbie huku anatafuna. Na kabla hujazifunga kwa ajili ya shule, mwulize mwalimu kama darasani kuna mtoto mwenye mzio wa karanga. Mzio huo huweza kuua. Kama yupo, peleka kitu kingine. Usijadiliane na hilo.

Twende kwenye viazi vitamu. Nataka hivi vya rangi ya chungwa ndani, si vyeupe. Vinatoka sana Homa Bay na Busia, na ukifika soko la Marikiti asubuhi utavipata. Mwambie mama mboga wako akuletee, atakuletea. Rangi hiyo ndiyo ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ya macho na ya kumkinga mtoto na maradhi. Wanasayansi waliovikuza na kuvieneza barani Afrika, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, walipewa tuzo ya chakula duniani, World Food Prize, mwaka 2016, kwa hiyo kiazi hiki kina heshima yake.

Viwili vikubwa vinatosha. Visugue kwa brashi chini ya maji. Maganda sitoi, yana nyuzinyuzi. Kata duara, unene wa nusu sentimita, vyote vilingane. Kisha vikaushe kwa kitambaa safi, kimoja kimoja. Kiazi chenye maji hakikaangiki, kinachemka, na kitakutokea rojorojo. Kwenye bakuli, tia vijiko viwili vya chakula vya mafuta, nusu kijiko cha chai cha bizari ya pilau, pilipili manga, chumvi kidogo sana. Changanya kwa mkono. Usiyaogope hayo mafuta, kwa sababu bila mafuta mwili hauichukui vizuri ile rangi tunayoitafuta.

Panga kwenye karai safu moja, visipandiane. Moto mdogo, funika dakika sita. Funua, geuza, acha wazi dakika nyingine sita au saba mpaka kingo zianze kuwa kahawia. Ukichoma kisu kinapita bila kusukuma, tayari. Mwenye oveni, nyuzi 200, dakika 25, ageuze katikati.

Vinaliwa vya moto au vya baridi. Mimi napenda na avokado iliyopondwa, ndimu na dania. Kwa mkebe wa shule avokado itakuwa imebadilika rangi ifikapo saa nne na mtoto ataikataa, kwa hiyo hapo vifunge vikavu.

Pankeki hizi ni rahisi. Ndizi mbili zilizoiva mpaka zikatoa madoadoa meusi, zile ambazo kila mtu nyumbani anazipita. Ziponde kwa uma. Vunja mayai mawili, koroga. Ongeza unga wa wimbi, robo tatu ya kikombe, mdalasini kidogo, na maziwa kidogo kidogo mpaka uji wake udondoke kwenye kijiko polepole. Acha utulie dakika 10, wimbi unakunywa maji. Ukikaza sana, ongeza maziwa.

Paka karai mafuta kidogo, chota kijiko kimoja cha chakula kwa kila pankeki. Ndogo hugeuka vizuri, kubwa zitakuvunjikia, kwa sababu wimbi hauna ule mnato wa ngano. Vitobo vikitokea juu na kingo zikikauka, geuza. Dakika mbili kila upande, moto mdogo. Sukari usitie, ndizi imeshafanya kazi. Wimbi una kalsiamu nyingi kuliko mahindi na mchele, ndiyo maana wazee wetu waliwanywesha uji wake mama waliojifungua na watoto. Ukipenda kupaka asali juu, sawa, lakini mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja asionjeshwe asali kabisa. Kwenye friji zinakaa siku tatu.

Bisi nitazipitia haraka. Mafuta vijiko viwili, nusu kikombe cha mahindi ya bisi, funika sufuria, tikisa, na mlio ukipungua ukawa mmoja mmoja, epua. Chumvi ndogo. Ni za wakubwa na watoto waliokua. Wadogo wa chini ya miaka minne ziwapite, nazo hukaba.

Tumalizie na mayai pasua, yale ya toroli, lakini ya nyumbani. Watu wengi wa hapa mjini hulalamika kwamba wamefuata dakika walizosoma mahali na kiini kimetoka kibichi. Sababu ni mlima tulioukalia. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka yakifika kama nyuzi 94, si 100 kama Mombasa. Moto hata ukiuongeza, maji hayapandi zaidi, yanaishia kukauka tu. Dawa ni muda. Yai linaloiva dakika 10 Mombasa, hapa lipe 12 au 13.

Maji yakishachemka, teremsha mayai kwa kijiko, hesabu dakika zako, kisha yahamishie kwenye bakuli la maji baridi. Yakipoa hivyo, ganda linatoka kwa urahisi. Kachumbari ni nyanya, kitunguu kilichosuguliwa kwa chumvi na kusuuzwa, dania, ndimu, na pilipili kwa anayetaka. Kachumbari hailiwi ikiwa imepikwa, kwa hiyo osha nyanya na dania kwa maji safi ya kutosha. Pasua yai kwa urefu, usilimalize, jaza katikati, ule papo hapo.

La kubeba, kachumbari iwe kwenye kikopo chake na yai libaki na ganda lake mpaka wakati wa kula. Yakiwa na ganda, mayai ya kuchemsha hukaa kwenye friji siku saba. Yakishamenywa, yaliwe siku hiyo hiyo. Andika siku uliyoyachemsha kwa penseli juu ya ganda, na yaliyotangulia kuchemshwa ndiyo yatangulie kutoka.