Ukoo wa Batlle na Kiti cha Urais wa Uruguay

Mabibi na mabwana, nanyi vijana mliokosa viti mkakaa kwenye ngazi, asanteni kwa kuja.

Naanza na Ijumaa Kuu ya mwaka 1920, tarehe 2 Aprili, mjini Montevideo. Wanaume wawili wamesimama katika uwanja wa mpira wa Parque Central, kila mmoja ana bastola, na mashahidi wao wako kando. Mmoja ni mzee wa miaka 63, pande la mtu, aliyekwisha kuwa rais mara mbili. Mwenzake ni mbunge na mwandishi wa gazeti, ana miaka 35. Wameitana uwanjani kwa sababu ya maneno yaliyochapwa gazetini. Risasi zikalia. Mzee hakuguswa. Yule mdogo, Washington Beltrán, alianguka na hakupona. Nyumbani aliacha mtoto wa kiume mwenye jina lile lile, Washington. Mkumbukeni huyo mtoto, maana nitamrudia.

Mzee huyo ni José Batlle y Ordóñez. Ukoo wake umeipa Uruguay marais wanne. Baba yake, Jenerali Lorenzo Batlle, alitawala kuanzia 1868 hadi 1872. José mwenyewe alitawala 1903 hadi 1907, kisha 1911 hadi 1915. Luis Batlle Berres, mtoto wa ndugu yake, akakikalia kiti mwaka 1947. Na Jorge Batlle, mtoto wa Luis, akaapishwa Machi 2000. Wote ni watu wa chama cha Colorado, yaani Wekundu, mahasimu wa siku zote wa Blanco, yaani Weupe.

Najua tunasema maji hufuata mkondo. Hapa naomba tuyatazame vizuri maji yenyewe, kwa sababu aliyeujenga ukoo huu ndiye aliyepigania kukivunja kiti cha rais.

José alikikuta kiti hicho kimejaa damu. Mwaka 1904 aliingia vitani na Weupe wenye silaha wakiongozwa na Aparicio Saravia, mfugaji aliyeweza kukusanya maelfu ya wapanda farasi. Tarehe 1 Septemba, huko Masoller karibu na mpaka wa Brazil, Saravia alipigwa risasi, na siku chache baadaye akafa. Vita ikaisha. Mshindi mwingine angetulia akafurahia. José aliondoka madarakani 1907 kama katiba ilivyotaka, akakaa Ulaya miaka kadhaa, akarudi na wazo lililowashangaza hata watu wake.

Alilichapa Machi 1913 katika gazeti lake, El Día. Tuondoe rais mmoja, alisema, tuweke baraza la watu tisa. Mtu mmoja anaweza kulewa madaraka, anaweza kununuliwa, anaweza kuwa dikteta asubuhi moja. Watu tisa watachungana. Nakiri napenda sana hoja hii, hasa kwa kuwa ilitoka kwa mtu aliyekuwa amekalia kiti chenyewe wakati anaiandika. Sijui wangapi katika historia wameomba mamlaka yao yagawanywe wakiwa bado wameyashika mkononi.

Msidhani alikuwa mtu wa wazo moja. Adhabu ya kifo ilifutwa 1907. Mwaka 1913 mwanamke wa Uruguay alipata haki ya kuomba talaka kwa utashi wake tu, bila kulazimika kutaja kosa la mumewe mbele ya hakimu. Hebu lifikirieni hilo: 1913! Umeme na bima viliingia mikononi mwa dola. Sheria ya kufanya kazi saa nane kwa siku, aliyoianza yeye, ilipita Novemba 1915. Dini aliitoa serikalini kwa ukali ambao mimi naona ulipita kiasi. Misalaba iliondolewa katika hospitali za umma, na kufikia ile Ijumaa Kuu niliyoanza nayo, kalenda ya serikali ilikuwa ikiliita juma hilo Wiki ya Utalii.

Baraza la tisa lakini lilikwama. Julai 1916 wananchi walipiga kura kuchagua bunge la katiba, na upande wake ukashindwa. Ikabidi wapatane na Weupe. Kuanzia 1919 nchi ikawa na vyote viwili, rais wa kushika jeshi, polisi na mambo ya nje, na baraza la kushika uchumi, elimu na kazi za umma. José alifariki Oktoba 1929. Miaka minne haikupita. Rais Gabriel Terra, mtu wa chama chake mwenyewe, alilivunja baraza hilo tarehe 31 Machi 1933. Siku hiyo hiyo Baltasar Brum, rais wa zamani na mfuasi wa José, alitoka mlangoni kwake mbele ya watu akajipiga risasi, afe badala ya kuukubali udikteta.

Sasa tuingie ndani ya nyumba.

Luis alilelewa na José, ami yake, baada ya kufiwa na baba. Alikuwa mtu wa redio na mikutano ya mitaani, watu wakimpenda kwa jina lake dogo. Alikuwa makamu wa rais, na Rais Tomás Berreta alipofariki Agosti 1947 yeye akashika nafasi. Ilikuwa miaka ya neema: sufu na nyama zilipata bei nzuri, viwanda vilikua, na 1950 Uruguay ikaifunga Brazil pale Maracanã ikachukua Kombe la Dunia. Lakini watoto wa kuzaliwa wa José, César na Lorenzo, ndio walioshika El Día, na hawakumtaka binamu yao. Luis akaanzisha gazeti lake, Acción. Chama kimoja, jina moja, magazeti mawili, orodha mbili za wagombea: ya 14 na ya 15.

Na hapo binamu wakalichomoa wazo la baba. Mwaka 1951 waliungana na kiongozi wa Weupe, Luis Alberto de Herrera, adui wa baba yao, wakapitisha baraza la watu tisa bila rais kabisa. Kwa maneno, walikuwa wakitimiza wosia. Kwa vitendo, walikuwa pia wakimfungia Luis njia ya kurudi kwenye urais. Linaniuma hilo kila ninaposoma. Wazo lililozaliwa kwa kumwogopa dikteta limegeuzwa komeo la mlango kati ya ndugu.

Baraza lilianza Machi 1952, na kuanzia 1955 uenyekiti ukawa unazunguka kila mwaka. Mwaka 1958 Weupe walishinda uchaguzi wa nchi baada ya zaidi ya miaka 90. Na Machi 1965, nani anakuwa mwenyekiti wa baraza? Washington Beltrán, yule mtoto wa uwanja wa mpira. Aliongoza mwaka mzima chombo alichokibuni mtu aliyemuua baba yake.

Mwaka uliofuata baraza likazikwa kwa kura ya wananchi, na kati ya waliolipigia debe kaburi lake alikuwa Jorge, mtoto wa Luis. Kwa hesabu zetu za ukoo José ni babu yake. Alitaka urais wa mtu mmoja urudi, naye aliutaka. Aligombea 1966 akashindwa. Akarudia 1971, 1989 na 1994. Alishinda mara ya tano, Novemba 1999, akiwa na miaka 72. Njiani alikuwa ameunga mkono kuuza mashirika ya dola ya aina ile aliyoianzisha babu, na Desemba 1992 wananchi wakakataa kwa asilimia zaidi ya 70.

Nitamtendea haki. Mwezi wake wa kwanza Ikulu ndipo alipopatikana mjukuu wa mshairi Juan Gelman wa Argentina, msichana aliyezaliwa mama yake akiwa mateka wa wanajeshi Montevideo mwaka 1976. Marais waliomtangulia hawakulifanya hilo.

Kisha ikaja 2002. Waargentina walihamisha fedha zao kutoka benki za Uruguay, benki zikakaukiwa, na mwisho wa Julai zikafungwa karibu wiki nzima, mpaka Marekani ilipokopesha dola bilioni moja na nusu. Miezi miwili kabla, akidhani kamera imezimwa, Jorge aliwaita Waargentina wezi, wa kwanza hadi wa mwisho. Ilibidi apande ndege kwenda Buenos Aires. Akasimama mbele ya waandishi kando ya Rais Duhalde, akaomba radhi, na machozi yakamtoka. Zamu hii hapakuwa na wenzake wanane wa kuubeba mzigo naye.