Lenzi ya ICL, ya kupandikizwa ndani ya jicho: kazi kubwa iko kwenye vipimo

Mabibi na mabwana, mwenye miwani ya hasi 12 akiivua huona sawasawa mpaka sentimita 8 tu kutoka jichoni. Kidole akikisogeza mbele kidogo, kimeshaingia ukungu. Wengi wenye hali hii huulizia leza kwanza, basi tuifanye hesabu yake.

Leza hunyoa konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Kwa eneo la upana wa milimita 6, kila dayopta, yaani namba moja ya miwani, hula takriban maikroni 12 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kwa hiyo dayopta 12 ni maikroni 144. Chukua konea ya maikroni 500, toa 110 za kifuniko kinachofunuliwa kwanza, toa na hizo 144. Zimebaki 246, na kiwango cha chini ni 250. Wapo madaktari wasioshuka chini ya 300. Konea iliyokonda hivyo huweza kutuna mbele polepole, na ikishatuna hata miwani haisaidii vizuri tena. Jicho kama hili ni afadhali liongezewe lenzi.

ICL hukaa nyuma ya airisi, ile duara yenye rangi, na mbele ya lenzi ya asili, ambayo haiguswi. Ni plastiki laini iliyochanganywa na kolajeni ya nguruwe. Hilo lisemwe kabla mgonjwa hajasaini, kwa sababu wapo ambao dini yao inawafanya watake kujua. Asiyeiridhia aulizie aina nyingine, kwa mfano Artisan, ya plastiki ngumu inayobanwa kwenye airisi.

Sasa vipimo, na hapa naomba mnivumilie. Namba ya miwani iwe haijabadilika kwa zaidi ya nusu dayopta kwa mwaka mzima. Anayevaa lenzi laini za kubandika aziache wiki mbili kabla ya kupimwa, na zile ngumu aziache kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa hubadili umbo la konea. Chumba cha mbele cha jicho kiwe na kina cha milimita 3 hivi; baadhi hukubali 2.8. Seli za ndani ya konea zihesabiwe, maana zikifa hazioti tena.

Kisha saizi. Zipo nne tu: 12.1, 12.6, 13.2 na 13.7. Kati ya moja na nyingine ni nusu milimita hivi, na nusu milimita hiyo ndiyo inayoamua. Kwa kawaida hupimwa upana wa konea kutoka nje, ilhali lenzi inakwenda kukaa kwenye mfereji nyuma ya airisi, usioonekana. Ndiyo maana pale penye kipimo cha mawimbi ya sauti kinachouona mfereji wenyewe, nashauri kitumike.

Kinachotafutwa ni nafasi kati ya lenzi mbili, iwe maikroni 250 hadi 750. Kwenye darubini ya macho, mwanga mwembamba ukipita unaonyesha mistari: wa konea, wa ICL, wa lenzi ya asili. Pengo likiwa karibu sawa na unene wa konea, tumefika. Likiwa dogo mno, mtoto wa jicho huweza kuanza. Likiwa kubwa mno, airisi inasukumwa mbele, njia ya maji ya ndani ya jicho inaziba na presha ya jicho inapanda. Hapo lenzi hubadilishwa.

Upasuaji wenyewe ni mfupi. Mboni hupanuliwa, ganzi ni ya matone, jicho huoshwa kwa povidoni-iodini ya asilimia 5, dawa ya kuua vijidudu. Jeli inaingizwa kulinda seli za konea, mkato wa milimita 3 unafunguliwa, na lenzi iliyokunjwa inasukumwa polepole ijikunjue. Alama mbili, mbele kulia na nyuma kushoto, huonyesha kuwa haikugeuka juu chini. Kona nne zinachomekwa chini ya airisi moja moja, bila chombo kugusa katikati.

Jeli ioshwe yote. Ikibaki, presha hupanda saa chache baadaye, kwa hiyo mgonjwa asiondoke kabla haijapimwa. Akifika nyumbani akapata maumivu makali ya paji, kichefuchefu na ukungu, arudi usiku huohuo. Asimeze dawa ya maumivu akalala. Maumivu yanayozidi huku uoni ukishuka ndani ya wiki ya kwanza huashiria maambukizi, nayo hayasubiri kesho.

Lenzi mpya zina tundu katikati, milimita 0.36, linalopitisha maji. Zamani airisi ilitobolewa kwa leza kwanza. Tundu hilo huweza kuleta duara kuzunguka taa usiku, na kwa wengi hufifia.

Jicho la namba kubwa hivi ni refu kuliko kawaida na linabaki hivyo, na retina yake, utando wa nyuma unaopokea mwanga, imevutika. Cheche, madoa meusi ya ghafla au kivuli kama pazia ni sababu ya kupimwa siku hiyohiyo, hata miaka kumi baadaye. Na uzeeni mtoto wa jicho akija, ICL hutolewa na upasuaji ukaendelea palepale. Daktari wa siku hiyo ataitaka kadi yenye saizi na nguvu ya lenzi, basi itunzwe pamoja na cheti cha kuzaliwa.