Pesa Kutoka kwa Marehemu: Filamu Fupi ya Taharuki Mkononi mwa Wanafunzi

BARAKA: Karibuni tena kwenye kipindi. Mimi Baraka, mhariri wa picha, kazi yangu kukata vitu ambavyo wenzangu wamekesha wakivipiga. Niko na mwenzangu Zuhura, ambaye mwezi huu amebeba uzalishaji wa filamu ya darasa lao hapa Dar. Dada Zuhura, za shuti?

ZUHURA: Shuti bado, kaka. Tuko kwenye maandalizi, na maandalizi yenyewe yananitoa jasho.

BARAKA: Wape wasikilizaji hadithi, ila usiwamwagie yote.

ZUHURA: Binti anakaa hosteli. Mwenzake wa chumbani amefariki, wamezika, matanga yameisha, kitanda cha pili kimebaki godoro tupu. Usiku simu inatoa mlio wa ujumbe. "Imethibitishwa. Umepokea Tsh 40,000 kutoka kwa..." Jina linalofuata ni la marehemu.

BARAKA: Ishia hapo hapo. Mimi nishakaa kwenye kiti.

ZUHURA: Ndiyo maana kundi zima linaipenda. Kila Mtanzania anaujua ule mlio. Hatuhitaji mizimu ya kupaka unga usoni.

BARAKA: Sawa, swali langu la kwanza kama mhariri. Nani kaituma?

ZUHURA: Kaka, hiyo ndiyo siri ya mwisho!

BARAKA: Kwa nini iwe ya mwisho? Ngoja nieleze. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole za marehemu, lakini kutuma pesa hakuhitaji kidole, kunahitaji simu na namba ya siri. Kwa hiyo kuna mtu aliye hai anayejua namba ya siri ya yule binti. Mtazamaji wa Dar atalifikiria hilo sekunde ya tano tu. Ukimficha mpaka dakika ya nane, anakaa akikusubiri umwambie kitu alichokwisha kukijua.

ZUHURA: Unataka tumwonyeshe mhusika mapema?

BARAKA: Nionyeshe mkono tu. Dakika ya pili, mkono wenye pete unabonyeza tarakimu nne kwenye simu yenye kava la marehemu, lile lililopasuka pembeni. Hatuoni uso. Halafu dakika ya nne anaingia rafiki, kaka wa marehemu, mlinzi, sijui nani, anakaa kitandani anamfariji yule binti, na mkono wake una ile pete tuliyoiona. Sasa sisi tunajua, binti hajui. Anamwambia "karibu chai," sisi tunataka kupiga kelele ukumbini.

ZUHURA: Hiyo ni ya Hitchcock, yule mwongozaji wa filamu za taharuki, bomu chini ya meza.

BARAKA: Ndiyo, ile aliyomweleza Truffaut, mwongozaji mwenzake wa Ufaransa. Watu wawili wanazungumza, bomu linalipuka, umepata mshtuko wa sekunde kumi na tano. Waambie watazamaji mapema kwamba bomu lipo chini ya meza, mazungumzo yale yale ya kipuuzi yanakupa dakika kumi na tano za roho juu. Filamu yako ina dakika nane. Huna muda wa kuupoteza kwenye mshtuko mmoja.

ZUHURA: Mimi nakubali nusu. Mkono tuuonyeshe, pete tusiionyeshe. Nataka mtazamaji amshuku kila mtu anayeingia mlangoni.

BARAKA: Wahusika wangapi wanaingia?

ZUHURA: Watatu.

BARAKA: Ndani ya dakika nane? Punguza mmoja. Kila mtu unayemwongeza ni sahani moja zaidi kwa mama lishe na nauli moja zaidi ya bodaboda saa sita usiku.

ZUHURA: Hapo umegusa jeraha. Wenzangu wanaandika "gari linafukuzana na gari Daraja la Kigamboni." Nawauliza gari la nani? Mwishowe tumekubaliana tuanze na tulivyo navyo: chumba kimoja cha hosteli, korido, ngazi, na bafu lenye bomba linalodondosha maji. Hadithi ikaandikwa upya kuzunguka hapo.

BARAKA: Bomba hilo libaki, msilitengeneze.

ZUHURA: Fundi ameshakuja mara mbili, nimemrudisha.

BARAKA: Na vibali?

ZUHURA: Barua ya chuo, barua ya serikali ya mtaa kwa zile shoti za nje, na Bodi ya Filamu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976, kabla sisi hatujazaliwa, na inataka kibali cha kupiga picha, halafu filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani. Wanafunzi wengi hudhani kwa kuwa ni kazi ya darasa basi haiwahusu. Siku unapotaka kuipeleka ukumbini ndipo unaanza kukimbizana na makaratasi.

BARAKA: Na majirani waambiwe. Ukipiga ukwenzi saa saba usiku hosteli bila kumwambia mlinzi, utapata watazamaji wengi kuliko uliowaalika.

ZUHURA: (anacheka) Wenye mapanga.

BARAKA: Tuje kwenye sauti, maana huku ndiko filamu za wanafunzi zinakufia mkononi mwangu. Picha yenye chengachenga naweza kuiokoa, hata ikaonekana kama mlikusudia. Sauti yenye feni siwezi.

ZUHURA: Feni tunazima.

BARAKA: Mkizima feni Dar, dakika kumi mwigizaji analowa.

ZUHURA: Na tunataka alowe! Ana hofu. Tatizo ni mtiririko: shoti hii paji kavu, shoti inayofuata jasho tiririri. Tumemteua mtu mmoja, kazi yake chupa ya kunyunyizia maji na picha za simu za kila shoti ilivyoishia. Jasho sasa ni la kwetu, tunalipanga wenyewe.

BARAKA: Safi sana. Na muwe na ratiba ya kelele. Andikeni azana ni saa ngapi, jogoo wa jirani anaanza lini, bajaji zinapungua muda gani. Kwenye uzoefu wangu, katikati ya saa saba na saa kumi usiku ndiyo dhahabu. Halafu kila mnapomaliza chumba, watu wote wanyamaze kwa sekunde thelathini mrekodi ukimya wa chumba kile. Bila huo, kila nikikata kati ya maneno mawili kunakuwa na shimo ambalo sikio linalisikia.

ZUHURA: Bumu la kurekodia, yaani kipaza sauti cha kushikilia juu ya mwigizaji, tumeazima, nguzo yake tumetengeneza kwa fimbo ya kupakia rangi.

BARAKA: Afadhali hilo, maana lile bumu lingine, pesa za mkopo wa chuo, halijatoka.

ZUHURA: Usinikumbushe, kaka.

BARAKA: Haya, simu. Filamu nzima imesimama kwenye kioo cha simu. Mtaipigaje?

ZUHURA: Hatupigi ujumbe wa kweli. Tumechora picha ya ujumbe, tumeiweka kwenye simu, mwigizaji anaifungua kama picha ya kawaida. Saa pale juu inasoma saa nane na dakika tatu siku zote, chaji haipandi wala haishuki. Simu iko kwenye hali ya ndegeni, kwa sababu kwenye jaribio mama yake mwigizaji alipiga katikati ya shoti bora kuliko zote.

BARAKA: Nembo ya kampuni?

ZUHURA: Hakuna. Tumebuni muonekano wetu. Na ile namba ya mtumaji tumeifikiria sana. Ukiweka namba ya kubahatisha, kuna mtu mahali fulani ndiyo yake, na watazamaji wataipiga. Tumetumia laini ya ziada ya mmoja wetu, imesajiliwa kwa jina lake.

BARAKA: Tumalize suala la mwanga haraka. Usiku wa filamu si giza. Zibeni dirisha kwa kitenge kizito, acheni chanzo kimoja chenye sababu, simu yenyewe au taa ya korido inayopita chini ya mlango. Mkimaliza ijaribuni kwenye projekta, siyo kwenye laptopu tu. Laptopu inakudanganya. Ukiipeleka filamu ya giza kwenye skrini ya wazi, mfano pale Ngome Kongwe, Zanzibar, ambako tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likionyesha filamu chini ya anga, kila kivuli ulichokipenda kinageuka kuwa weusi mtupu.

ZUHURA: Mimi nataka kuijaribu kibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyesha mechi na video.

BARAKA: Kibanda umiza! Kabla ya mechi au baada?

ZUHURA: Kabla, dakika kumi tu, nimezungumza na mwenyewe. Wale watu hawana adabu za ukumbini, kaka. Wamekulia kwenye filamu za kutafsiriwa, DJ anazungumza juu ya picha, nao wanamjibu. Wakichoka wanaanza kuuliza mechi saa ngapi. Nitakaa nyuma niangalie ni dakika ya ngapi mtu wa kwanza anatoa simu mfukoni. Hapo ndipo nitakuletea ukate.

BARAKA: Bora hao kuliko wanafunzi wenzako wanaosema "kazi nzuri, hongera." Sasa kutangaza. Posta mnayo?

ZUHURA: Ipo rasimu. Uso wa binti, uso wa marehemu kwa juu kama wingu, mkono wenye kisu, damu...

BARAKA: Kuna kisu kwenye hadithi?

ZUHURA: Hakuna.

BARAKA: Basi unauza filamu ya mtu mwingine! Posta yako ni ule ujumbe. Mandhari nyeusi, maandishi ya simu, "Umepokea Tsh 40,000," jina la marehemu, na chini yake tarehe ya mazishi. Mtu akisoma tarehe mbili, ya ujumbe na ya mazishi, kazi imekwisha.

ZUHURA: Na jina la filamu ni "Muamala." Mmoja alitaka "Kisasi cha Marehemu."

BARAKA: Ameshamaliza hadithi kwenye kava.

ZUHURA: Nilimwambia hivyo hivyo. Sasa sikiliza walichonishauri wengine. Watengeneze tangazo la kupotea: picha ya mwigizaji wetu, "anatafutwa, mara ya mwisho alionekana Mwenge," lisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp bila kusema ni filamu.

BARAKA: Hapana.

ZUHURA: Wamesoma kwamba The Blair Witch Project, ile filamu ya kutisha ya Marekani, mwaka 1999 ilifanya hivyo, tovuti na vipeperushi vya watu waliopotea, na ikaingiza pesa za ajabu.

BARAKA: Ilifanya, na ilikuwa 1999, intaneti bado changa. Leo tangazo hilo likiingia kwenye kundi la wazazi saa tatu usiku, saa nne liko Mwanza na mama yake mwigizaji amepigiwa simu na shangazi watano. Na kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kusambaza taarifa za uongo ni kosa. Isitoshe, kuna watoto wanaopotea kweli. Tangazo la uongo moja linamfanya mtu alipite la kweli kesho.

ZUHURA: Nami nilikataa. Badala yake tutumie ile laini ya ziada. Posta ina namba. Ukiiandikia WhatsApp, akaunti ya biashara inajibu yenyewe saa yoyote: "Mbona umenitafuta usiku huu? Njoo tuonane," halafu ukumbi, tarehe na saa.

BARAKA: Aisee! Hiyo nimeipenda. Ila angalia, nchi hii tumechoka na "ile hela tuma kwenye namba hii." Mtu akiona ujumbe wa pesa na namba asiyoijua atadhani matapeli. Jina la filamu na la chuo vionekane kwa herufi kubwa, na msimwombe mtu kitu chochote. Hata kubonyeza kiungo.

ZUHURA: Tumekubaliana. Trela nayo ni sekunde arobaini. Mlio, uso, kitanda kitupu, ujumbe. Mkono haumo.

BARAKA: Mkono usiwemo kabisa. Mkono ni mali ya waliokuja ukumbini. Na muziki? Msije mkaweka wimbo wa msanii mkubwa.

ZUHURA: Kuna mwenzetu anapiga kanuni ya taarabu, ile ala ya nyuzi nyingi. Amerekodi noti tatu tu, ndefu, tumeandikiana mkataba wa ukurasa mmoja. Yutyubu haitatufungia na COSOTA, watu wa hakimiliki, hawatatuita.

BARAKA: Yutyubu mtaweka lini?

ZUHURA: Wengine wanataka usiku ule ule wa uzinduzi.

BARAKA: Subirini. Someni masharti ya matamasha kwanza, mengine hayachukui filamu iliyokwisha kuwekwa mtandaoni. Tumeni, mkikataliwa kote ndipo muiachie.

ZUHURA: Nina moja la mwisho, ubishi umegawa darasa. Siku ya uzinduzi nataka mlango ufungwe filamu ikianza. Hakuna kuingia.

BARAKA: Kama Hitchcock na filamu yake Psycho, 1960. Kumbi ziliambiwa zisimwingize yeyote baada ya filamu kuanza, watu wakapanga foleni nje, na foleni yenyewe ikawa tangazo.

ZUHURA: Wenzangu wanasema Dar hakuna atakayefika. Foleni ya Ubungo, mvua, saa ya Kiswahili.

BARAKA: Wana hoja. Filamu ya dakika nane, aliyechelewa dakika tano amekosa filamu. Onyesheni mara mbili usiku huo. Ya kwanza saa moja kamili, mlango unafungwa. Ya pili saa mbili kasorobo. Wa foleni ya Ubungo watakaa nje wakiisikia kanuni ya taarabu ikipenya mlangoni, na wenzao wakipiga yowe.

ZUHURA: Na wakitoka wale wa kwanza?

BARAKA: Waombeni wasiseme neno kuhusu mkono.

ZUHURA: Wabongo hao? Watasema kabla hawajafika ngazini.

BARAKA: Basi watokee mlango wa nyuma. Ukumbi wenu unao?

ZUHURA: Unao, ila ufunguo anao mlinzi, na mlinzi ndiye anacheza yule wa tatu uliyesema nimpunguze.

BARAKA: Mrudishe kwenye muswada leo leo.