Kloridi ya benzoili: faida ya kutokuwa na haraka

Karibuni tuendelee. Chupa hii ya kloridi ya benzoili sitaifungua, ila itazameni kwenye kifuniko. Ule ukoko mweupe ni asidi ya benzoiki: mvuke ulipenya kidogo, ukakutana na unyevunyevu wa hewa, ikabaki asidi hiyo, na gesi ya hidrojeni kloridi ikatoweka. Chumvi ya sodiamu ya asidi hiyohiyo ndiyo huwekwa kwenye soda zisiharibike, kwa hiyo ukoko wenyewe si wa kutisha. Cha kuogopa kimo ndani: kimiminika kisicho na rangi, kinachochemka kwenye nyuzijoto 197, chenye mvuke unaounguza macho na kutoa machozi.

Wanakemia Wajerumani Wöhler na Liebig waliipata kloridi hii mwaka 1832 kwa kupitisha klorini kwenye mafuta ya lozi chungu. Viwandani siku hizi huanza na tolueni, kimiminika kitokanacho na mafuta ya petroli. Klorini huifanya benzotrikloridi, yaani tolueni iliyobebeshwa klorini tatu, nayo ikikutana na asidi ya benzoiki zote mbili huishia kuwa kloridi ya benzoili.

Sasa tuingie kwenye kiini. Kaboni yenye klorini inavutwa elektroni na oksijeni upande huu, na klorini upande ule. Inabaki na njaa ya elektroni, hivyo chochote chenye elektroni za ziada, iwe maji, alkoholi au amini (kampaundi yenye nitrojeni, jamii ya amonia), kitaishambulia. Kloridi ya asetili, ndugu yake asiye na pete ya benzini, ukiitia majini inafoka papo hapo. Hii yetu, pete ya benzini (duara la kaboni sita) inaipunguzia njaa kwa kuipa elektroni, na tena haiyeyuki majini, basi inazama chini na kutulia.

Mimi naona thamani yake yote imo katika utulivu huo. Wanakemia Schotten mwaka 1884, na Baumann mwaka 1886, walionyesha kwamba unaweza kuifanyia kazi ndani ya maji yenye kostiki soda (hidroksidi ya sodiamu). Tia anilini, ambayo ni amini, ongeza kloridi kidogo kidogo, tikisa kwa nguvu: zao lake, benzanilidi nyeupe, linaganda mbele ya macho yako. Amini imeyawahi maji. Kostiki nayo inaimeza asidi inayozaliwa. Isingekuwepo, nusu ya anilini ingegeuka chumvi na kupotea bure.

Ukiichanganya na peroksidi ya hidrojeni kwenye kostiki, unapata peroksidi ya benzoili, inayoanzisha utengenezaji wa plastiki na kutibu chunusi. Inachujua rangi za nguo pia, kwa hiyo mnaopaka usiku, tumieni foronya nyeupe.