Kisasa maana yake nini?

Ndugu zangu, mlionisikia kabla ya leo mnajua nitaanzia wapi: neno kisasa. Jiko la kisasa, saluni ya kisasa, ufugaji wa kisasa. Neno limetokana na sasa, basi. Cha kisasa ni kile kinachofaa wakati huu tulio nao. Lakini sisi tunakipa jina hilo kila kinachonunuliwa, kinachotoka mbali, ambacho babu hakuwa nacho. Hapo ndipo ninapogomba, na nitaendelea kugomba.

Nendeni Mbinga, mkoani Ruvuma, Umatengoni, mkaone ngoro, kilimo cha mashimo cha Wamatengo. Milima ya kule ni mikali. Wanaume wanafyeka majani na kuyalaza kwa safu zinazokatana, inapatikana miraba. Wanawake wanachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafukia yale majani. Mlima mzima unajaa mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua ikinyesha, maji yanatuama shimoni na kuzama polepole. Udongo ulioanza kuteremka unaishia humo humo. Majani yanaoza chini ya tuta, yanakuwa mbolea. Hapo juu panapandwa maharage, msimu unaofuata mahindi. Kazi hii ina zaidi ya miaka 100, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani wameikalia wakiisoma. Inalisha watu leo, mwaka huu! Halafu afisa anakuja, anaandika: kilimo cha kizamani.

Mtaniambia, "Kwa hiyo turudi kwenye jembe la mkono?" Nani kasema? Trekta kwenye tambarare ni jambo jema, nalitaka. Lipande mteremko ule, lilime kwa kushuka moja kwa moja, muone mvua ya kwanza itabakiza nini. Kifaa kinachokupotezea udongo wako hakiwezi kuwa cha kisasa, hata kama kimetoka kiwandani jana.

"Lugha ni ya watu, inabadilika." Naam, na watu hao hao wana akili. Mwaka 1923 lilianzishwa Dar es Salaam gazeti la Mambo Leo, jina la kuvutia kabisa. Baadaye tukasema ukoloni mamboleo, na kila mtu akaelewa kwamba ubaya nao huvaa nguo mpya. Kumbe tunaweza kukitilia shaka kipya! Kisasa tu ndicho hatukigusi.

Nilitaka kuzungumzia neno mshamba pia, jinsi anayetulisha alivyogeuzwa tusi. Mwenyekiti ananionyesha saa. Na msemo "kwenda na wakati", nao nauacha.

Ila ninyi mnaoandika vipeperushi vya wakulima, nawaomba: msiandike "mbegu ya kisasa" mkaishia hapo. Andikeni inakomaa kwa siku ngapi, inataka mvua kiasi gani, na kama mkulima anaweza kuihifadhi apande tena mwakani au lazima arudi dukani. Haya, maswali.